Laini ya kijani inayosumbua: barua ya wazi kuhusu kupima ucheleweshaji wa mtandao

Kwa wasimamizi wa sekta ya mawasiliano nchini, wakurugenzi wa kampuni zinazouza intaneti, na maofisa wa taasisi za umma wanaosaini mikataba ya laini.

YAH: OMBI LA KUPIMA UCHELEWESHAJI WA MTANDAO SAA ZOTE NA KUTANGAZA MATOKEO

Ndugu Wakuu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mitandao Kanda ya Ziwa. Nahudumia hospitali, vyuo na ofisi za halmashauri, na malalamiko ninayoyapokea kuliko yote ni haya: "mtandao unasumbua." Anayelalamika hana namna ya kueleza zaidi. Anayempokelea simu kwenye kituo chenu naye hana, kwa sababu kwenye skrini yake laini ni ya kijani au nyekundu, iko hewani au imekatika. Tabu kubwa ya wananchi iko kwenye laini za kijani. Naandika kuwaomba mpime kile kinachozifanya zisumbue zikiwa hewani, yaani muda ambao pakiti, kifurushi kidogo cha data, inautumia kwenda na kurudi. Mpime saa zote, na matokeo myaweke wazi.

Nieleze kisa cha hospitali moja ya wilaya, ambayo sitaitaja. Laini yake inashusha megabiti 10 kwa sekunde na kupandisha 2. Dirisha la bima liko karibu na mlango wa kuingilia, na karani wa pale huhakiki kila kadi mtandaoni kabla mgonjwa hajaenda kwa daktari. Kila siku ya kazi, kuanzia kama saa nne asubuhi, uhakiki ulikuwa unakwama. Karani anaingiza namba ya kadi, kiduara kinazunguka, kinaendelea kuzunguka, kisha unakuja ujumbe kwamba muda umeisha. Anajaribu tena. Mama mwenye mtoto mgongoni anaambiwa akae benchi asubiri, anayemfuata naye anakaa, na wengine wanaamua kulipa taslimu ilhali bima wanayo na wanakatwa kila mwezi.

Mtoa huduma alipopigiwa alijibu mambo mawili: laini iko hewani, na kasi mnapata kama mlivyonunua. Yote mawili yalikuwa kweli. Tulipima kasi, megabiti zikatimia. Ushauri uliotolewa ni hospitali iongeze kifurushi, na barua ya kuomba bajeti ilikuwa imeshaandikwa.

Jibu lilitoka kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa stoo, ikituma pakiti kila baada ya sekunde chache hadi kwenye ruta ya kwanza ya mtoa huduma na kuandika zimechukua muda gani kurudi. Saa tisa usiku zilirudi kwa milisekunde 8 (milisekunde 1,000 ni sekunde moja). Saa nne asubuhi zilichukua karibu 2,000. Hakuna pakiti iliyopotea na hakuna kifaa kilichoharibika. Mstari wa grafu ulipanda kwa dakika moja hivi, ukashuka, ukapanda tena, na tulipofuatilia nani anafanya nini saa hizo tukaishia chumba cha mionzi. Picha moja ya kifua ya kidijitali ikiwa na megabaiti 15, yaani megabiti 120, kwenye megabiti 2 kwa sekunde inachukua dakika nzima kutoka. Modemu iliyokuja na laini ilikuwa na bafa, yaani sehemu ambapo pakiti husubiri zamu ya kutoka, ya nusu megabaiti, na bafa ya kiasi hicho ikijaa inachukua sekunde 2 kumwagika. Kwa hiyo kila pakiti ya dirisha la bima, hata iwe ndogo namna gani, ilipanga foleni sekunde 2 nyuma ya picha. Na uhakiki mmoja una safari nne au tano za kwenda na kurudi: kutafuta anwani ya seva, kufungua mawasiliano, kukubaliana usimbaji, ndipo swali lenyewe liulizwe. Zidisheni. Mfumo wa bima ulikuwa na ukomo mfupi kuliko huo.

Hatukununua kitu. Tuliipangia ruta ya hospitali itoe data kwa kasi ndogo kidogo kuliko megabiti 2, ili foleni ijipange ndani yake badala ya kwenye modemu, kisha tukawasha utaratibu wa foleni uitwao fq_codel, ambao unagawa zamu kwa kila mawasiliano na kuzuia foleni isirefuke. Kilele kikashuka chini ya milisekunde 40. Picha zinachelewa sekunde chache tu zaidi ya zamani, na uhakiki wa kadi haukwami tena saa hizo. Ile barua ya kuomba bajeti haikupelekwa.

Ugonjwa huu umejulikana muda mrefu. Jim Gettys alianza kuueleza hadharani mwishoni mwa 2010 baada ya kuukuta kwenye laini ya nyumbani kwake, Marekani. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa tiba yake, CoDel, mwaka 2012, na fq_codel ikachapishwa kama waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 8290, mwaka 2018. Imo ndani ya Linux, bure. Ndugu wakurugenzi, ruta na modemu mnazogawa majumbani na maofisini zingeweza kutoka kwenye ghala zenu zikiwa zimeshawashwa utaratibu huo. Badala yake mteja anauziwa megabiti za ziada, na foleni ileile inamsubiri siku nyingine akitumia megabiti hizo zote.

Najua kwa nini mnapenda kutangaza megabiti. Ni namba moja, inakua kila mwaka, na inaingia vizuri kwenye bango. Lakini barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane, na abiria anayetaka kujua atafika saa ngapi haulizi idadi ya njia, anamuuliza aliyetoka kupita.

Van Jacobson niliyemtaja aliingia kwenye jambo hili mapema zaidi. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Laini haikuwa imekatika. Kompyuta zilikuwa zinakadiria vibaya muda wa kwenda na kurudi, zikawa zinarudia kutuma pakiti ambazo bado zilikuwa kwenye foleni, na kila marudio yakaongeza foleni. Tiba ilianza na kupima muda huo vizuri zaidi, na kupunguza mwendo pale dalili za msongamano zinapoonekana. Tangu hapo kila kompyuta na kila simu inayofungua mawasiliano ya TCP, utaratibu wa kutuma data unaotumiwa sana kwenye intaneti, hupima muda wa kwenda na kurudi wakati wote inapozungumza. Simu ya bei ya chini kabisa sokoni Kariakoo inapima. Inaniwia vigumu kukubali kwamba simu hiyo ijue hali ya mtandao wenu kuliko kituo chenu cha uangalizi.

Niseme sasa kipimo hiki kinaonyesha nini, kwa sababu wengi wenu mmekutana na ping kama amri ya kujaribu tu kama seva inajibu. Mike Muuss aliiandika jioni moja ya Desemba 1983 akitafuta hitilafu ya mtandao, na kwa kazi hiyo inatosha. Ila ukiiacha ikiendelea miezi na miaka, inakuwa kumbukumbu ya maisha ya laini.

Ucheleweshaji una sakafu ambayo bajeti haiwezi kuishusha. Mwanga ndani ya mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia hudai milisekunde 1 kwenda na kurudi. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Sakafu yake ni kama 11 au 12, na ukiongeza mizunguko ya mkongo na vifaa vya njiani, 20 hadi 25 ni haki. Nikipima kutoka Mwanza hadi seva iliyoko Dar es Salaam nikapata 24, naridhika. Nikipata 24 usiku wa manane na 300 saa mbili usiku, umbali haujabadilika, kuna foleni mahali, na nikipima kituo kwa kituo naweza kusema iko wapi. Nikipata 180 mchana na usiku bila kutikisika, hakuna foleni kabisa. Pakiti zangu zinakwenda Ulaya ndipo zirudi Dar es Salaam.

Hali hiyo ya mwisho inaniuma kuliko zote, maana hakuna kinachoilazimisha. Kituo cha TIX kipo Dar es Salaam ili watoa huduma wabadilishane data ya ndani papo hapo, na majirani zetu wana KIXP Nairobi. Ripoti ya shirika la Internet Society ya mwaka 2012 kuhusu Kenya na Nigeria ilionyesha kwamba vituo vya aina hii viliushusha ucheleweshaji wa mawasiliano ya ndani kutoka milisekunde 200 hadi 600 kufikia 2 hadi 10. Tuliotumia intaneti kabla ya Julai 2009, mkongo wa Seacom ulipowashwa, tunakumbuka satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta na karibu nusu sekunde ya kusubiri kila safari. Ile ilikuwa sheria ya maumbile. Pakiti ya kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kupitia ng'ambo ni uamuzi wa mtu fulani kwenye meza ya kupanga njia, na uamuzi huo hauonekani popote ila kwenye kipimo hiki.

Halafu kuna umbo ambalo mafundi tunaliita ngazi. Mstari uliokaa kwenye 24 kwa miezi unapanda ghafla hadi 41 na kubaki huko. Hakuna mteja anayepiga simu, kurasa zinafunguka, malipo yanapita. Kwangu hiyo ni habari kubwa: yamkini njia kuu imekatika na laini imehamia njia ya akiba iliyo ndefu zaidi. Kuanzia dakika hiyo akiba haipo tena, na mtu anayechimba mtaro wa bomba la maji akiugusa mkongo wa pili, mkoa mzima umekatika. Mkiwa na kipimo mnazo saa au siku za kurekebisha kabla wananchi hawajajua. Minara ya masafa ya redio nayo hutoa taarifa mapema: mvua kubwa ikianza, redio hushusha kasi ili isipoteze mawimbi, foleni inajengeka, na ucheleweshaji unapanda dakika kadhaa kabla laini haijadondoka. Asiyepima anaiona ile ya kudondoka tu, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba hitilafu ilikuwa ya ghafla.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye pwani ya kusini-mashariki mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Intaneti haikuzimika yote, ilisuasua kwa siku kadhaa. Naamini siku zile tungeumia karibu nusu tu ya tulivyoumia kama kungekuwa na ukurasa mmoja wa wazi unaoonyesha: kwenda TIX kuko sawa, kwenda Nairobi kuko hivi, kwenda Ulaya kuko vile. Mhasibu angejua huduma zenye seva za ndani zinapitika, na mwalimu angejua aahirishe somo la video. Badala yake kila mtu alizima ruta na kuiwasha, akanunua bando la mtandao mwingine, akakuta hali ileile.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mradi wa mabilioni. SmokePing, programu huria iliyoandikwa na Tobias Oetiker, kwa mpangilio wake wa kawaida hutuma pakiti 20 kila baada ya dakika 5, huchora thamani ya katikati kama mstari na kutawanyika kwa pakiti nyingine kama moshi unaouzunguka. Moshi mwembamba ni laini tulivu. Moshi mzito ni laini inayoyumba, hata kama mstari wenyewe uko chini. Nimefanya hesabu kwa wanaohofia kupoteza data: pakiti 20 za kawaida kila dakika 5, kwenda na kurudi, hazifiki megabaiti 1 kwa siku kwa kila sehemu inayopimwa. RIPE Atlas imekuwa ikifanya kazi ya namna hii duniani tangu 2010 kwa vifaa vidogo ambavyo watu wa kujitolea huchomeka majumbani na maofisini.

Lakini kuna njia za kupima zinazodanganya, na nawaomba mzikwepe. Kubwa ni wastani. Pakiti 95 zikirudi kwa milisekunde 20 na 5 zikirudi kwa 2,000, wastani ni 119, muda ambao hakuna pakiti hata moja iliyoupata. Ripoti itasema 119 na itaonekana nzuri, ilhali mtu mmoja katika kila ishirini alisubiri sekunde 2. Tangazeni thamani ya katikati, na pamoja nayo thamani ambayo pakiti 99 kati ya 100 ziko chini yake. Pili, msipime laini ikiwa imelala. Ipimeni ikiwa imejaa, kwa sababu ndivyo watu wanavyoitumia. Msihukumu pia ruta ya katikati kwa sababu tu inajibu ping taratibu. Ruta nyingi huyaweka majibu hayo mwisho wa shughuli zake huku zikipitisha data za watu vizuri kabisa. Kama ucheleweshaji hauendelei hadi mwisho wa safari, pale katikati hakuna tatizo.

Na kipimo kianzie kwa mteja. Kuzunguka mjini na gari la vipimo ni jambo jema, ila gari linaondoka, nalo halilali wilayani hadi saa mbili usiku ambapo wanafunzi wote wa chuo wako mtandaoni.

Maofisa manunuzi, kwenu nina neno pia. Mikataba ninayoiona inataja mambo mawili, megabiti na asilimia ya upatikanaji. Asilimia 99.5 inamruhusu mtoa huduma kukosekana saa 3 na dakika 36 kwa mwezi wa siku 30, na saa nyingine zote laini inahesabika kuwa ipo hata kama kila pakiti inachukua sekunde 2. Hospitali niliyoieleza ilikuwa inapata huduma iliyokamilika kimkataba. Ongezeni kifungu kama hiki: "Muda wa kwenda na kurudi kati ya ruta ya mteja na TIX, laini ikiwa na matumizi kamili, usizidi milisekunde 100 kwa pakiti 99 kati ya 100, ukipimwa kila dakika 5 kwa mwezi mzima; ukizidi, malipo ya mwezi huo yapunguzwe." Hiyo 100 mnaweza kuibadilisha kulingana na mahali. Kwa simu za sauti na mashauriano ya video, pendekezo G.114 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linataka safari ya upande mmoja isivuke milisekunde 150, na madaktari wanaoshauriana na hospitali ya rufaa wanalihisi hilo kila wanapoanza kuzungumza kwa wakati mmoja.

Kwa wasimamizi wa sekta: mfano wa kulazimisha uwazi upo. Marekani, tangu tarehe 10 Aprili 2024, kampuni kubwa za intaneti zinatakiwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kuweka lebo mbele ya mteja wakati wa kununua, yenye bei, kasi ya kawaida na ucheleweshaji wa kawaida, na kampuni ndogo zikafuata Oktoba mwaka huohuo. Namba hiyo wanaijaza wauzaji wenyewe, kwa hiyo bado kuna pengo la uthibitisho. Nyinyi mnaweza kwenda mbele zaidi. Wekeni vifaa vya kupimia kwenye taasisi za umma za kila wilaya, vipime kila mtoa huduma aliyepo hapo, na data ghafi iwe wazi ili vyuo vyetu vikuu, waandishi wa habari na mafundi wa mikoani waisome bila kuomba kibali.

Kampuni zitasema takwimu hizi zitawapa washindani silaha. Washindani wanazo tayari, wanapima kutoka kwenye laini za wateja wao. Asiyezijua ni mteja na anayemsimamia mteja.

Mkiniuliza pa kuanzia, anzeni na wilaya ambazo zina njia moja tu ya mkongo au zinategemea minara ya redio pekee. Huko mtoa huduma wa pili wa kukimbilia mara nyingi hayupo, na siku ya hitilafu fundi hutoka mkoani. Wahudumu wenu wa simu nao wafundishwe kuisoma grafu kabla ya kumwambia mteja azime na kuwasha. Kumbukumbu za laini ninazozihudumia zipo, za mchana na usiku. Wenye taasisi wakiridhia, nitazileta kwenye ofisi yoyote mtakayoitaja, pamoja na mipangilio ya kompyuta zinazozipima ili wataalamu wenu wairudie wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mitandao,
Mwanza